Shimo la Kambare la Barnabas

Barnabas wa Kulesa maisha yake yote alikuwa mtu wa shamba na mgono. Samaki walioingia mgononi aliwaweka hai kwenye shimo la maji nyuma ya nyumba, hadi siku ya soko Garsen. Mimi ni jirani yake, shimo lile nalijua.

Mafuriko ya El Nino yalipopungua, kambare walitoka na vidonda. Wanunuzi wakawakataa. Basi alipomwona rafiki yake Godana akidunga ng'ombe wake penisilini kando ya mto, akamwomba dawa iliyobaki.

"Ya nini?" Godana akacheka. "Kesho utaniita nimdunge mamba!"

"Cheka tu. Ng'ombe wako wana vidonda, na wangu wana vidonda."

Akaimimina shimoni. Vidonda vikaanza kukauka, naye kila Godana alipopita akaomba tena.

Mwezi huo binti yake Kahaso alikuja kujifungulia kwao. Kwetu mzazi hunyweshwa mchuzi wa kambare ili maziwa yashuke. Mtoto alipozaliwa, mama yake akamtoa shimoni kambare mnene, siku hiyohiyo dawa ilipomwagwa.

Kahaso hakumaliza bakuli. Midomo ilivimba, macho yakafumba, pumzi ikawa inapiga mluzi. Tulimlaza mtumbwini, mimi na Barnabas tukapiga kafi mpaka hospitali ya Garsen. Mama yake alimpakata mtoto.

"Amechomwa sindano gani?" muuguzi akauliza.

"Hajachomwa," mama akajibu. "Penisilini ilitaka kumuua akiwa msichana. Tangu hapo hatumpi."

Barnabas akamsogelea muuguzi.

"Ninayo shimoni," akasema. "Dawa ya ng'ombe. Niliwatilia samaki."

"Unasema nini, mzee?"

"Amekunywa mchuzi wao."

Muuguzi alikuwa tayari anavuta dawa nyingine kwenye sindano. Bila kugeuka akauliza, "Mtoto amenyonya?"

"Amenyonya," mama akasema. "Huku mamake akinywa mchuzi."

Barnabas alimchukua mjukuu wake, akampeleka mlangoni penye mwanga, akamtazama midomo. Alimtazama hadi jua likazama, hata Kahaso alipoanza kupumua vyema na kumwita, "Baba, nipe mwanangu."

Wote wawili walipona. Shimo alilifukia mwenyewe, samaki wakiwa ndani. Lakini masika yaliyofuata mto ulipanda ukapita juu ya mahali pale, na asubuhi ile Barnabas alisimama njiani akiwasihi akina mama wenye vikapu wasiende kuvua, huenda dawa yake imeingia mtoni. Walimcheka, wakampita.