Siku Niliyozuia Maombi

Mume wangu husema nilizaliwa bila breki. Kila nikianza kusimulia kisa hiki huinua mikono juu na kusema, "Haya, ameanza," kisha anasogeza vikombe mbali na mikono yangu. Asogeze tu. Hata leo, nikikumbuka ile asubuhi ya Jumamosi katika makao ya wazee, siwezi kukaa kitini.

Makao yenyewe yako juu kidogo ya Timau, upande wa mashamba ya ngano, mahali ambapo hata jua likiwaka watu hawavui sweta. Yalijengwa na makanisa ya huku kwetu kwa ajili ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Nilipostaafu ualimu kule Mikinduri, tukahamia kwenye shamba letu la huku, na haukupita muda nikawekwa kwenye kamati ya makao. Nilipewa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: kuhakikisha kwamba wazee hawadhulumiwi na mtu yeyote humo ndani. Nilifurahi mno! Nilinunua daftari jipya, nikaliwekea jalada la plastiki, nikaandika jina la kazi yangu kwa herufi kubwa.

Wazee wote niliwapenda, lakini kulikuwa na shosho mmoja, bibi mzee, aliyeniteka. Alikuwa ametoka Mbeere, kule chini Embu kwenye joto, na baridi ya Timau aliichukia waziwazi. Kimbeere chake na Kimeru changu vilielewana vizuri, nasi tulitaniana kila nilipofika. Aliniuliza kama walimu wote hutembea wakipiga kelele au ni mimi tu.

Kisha akaanza kunyamaza. Ikifika saa kumi, chai inapogawanywa, alikuwa anafunika kikombe chake kwa kiganja. Huku kwetu mtu hakatai chai! Nilimbembeleza, nikamgombeza kama mwanafunzi, naye akageuza uso dirishani. Midomo yake ilikuwa imepasukapasuka. Siku moja alianguka akiwa anatoka kanisani, wakamkimbiza hospitali, akawekewa maji ya mshipa. Daktari aliniita kando akaniambia bila kuzunguka kwamba mwili wa mama huyu umekauka, na akirudishwa tena katika hali ile, figo zake huenda zikakataa kabisa.

"Kwani hapewi maji?" aliniuliza.

Nilisema anapewa, ila anakataa. Nikajiambia kwamba ni uzee.

Hata hivyo, kazi yangu niliifanya, au nilidhani nimeifanya. Shosho aliporudi kutoka hospitali, niliwaita wazee ofisini mmojammoja ili niwaulize wanavyotunzwa. Na kwa kuwa sisi ni sisi, hatufungui hata gunia la viazi bila maombi, kila mazungumzo yalianza kwa maombi. Nani aombe? Nilimwomba mhudumu mkuu, anayewatunza wazee kila siku. Mama yule alikuwa na sauti tamu, aliomba mpaka unasikia mbingu ziko karibu, na kila harusi na kila mazishi ya eneo letu alialikwa kufungua. Aliingia na kila mzee, akamwekea mkono begani, akamshukuru Mungu kwa upendo ulioko katika makao yetu, akasema Amina, mzee akaitika Amina, yeye akatoka na kufunga mlango. Ndipo mimi nikafungua daftari na kuuliza.

"Tuko sawa, tunashukuru Mungu," wote walisema. Shosho wangu pia.

Niliandika "Hakuna malalamiko" kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nikapiga mstari kwa rula. Nilijipongeza! Kamati iliposoma ripoti yangu ilifurahi pia, na kwa sababu metroni, msimamizi wa makao, alikuwa anastaafu, ikaamuliwa kwamba mkutano wa Jumamosi utamthibitisha mhudumu mkuu kuchukua nafasi yake. Wazee wote wangekuwa chini ya mkono wake.

Siku ya Jumatano kabla ya mkutano huo nilipita makaoni bila daftari. Wanawake watano, shosho akiwa mmoja wao, walikuwa wameketi juani nyuma ya jikoni, kila mmoja na uteo mapajani, wakichambua maharagwe yaliyoletwa na kanisa moja la Kiirua. Nilikaa chini nikachukua uteo. Tuliongea habari za fukusi, tukaongea habari za mvua, tukamcheka mtu fulani aliyepanda viazi kabla ya wakati. Mikono ilikuwa kazini na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ndipo shosho akasema, bila kuinua kichwa, "Mwalimu, wewe hukutaka kusikia."

"Mimi? Si nilikuuliza, shosho?"

"Uliniuliza baada ya maombi." Alitupa jiwe dogo pembeni. "Yule alinishika bega, akamwambia Mungu kwamba ananipenda na ananitunza. Mimi nikaitika Amina. Sasa nikishaitika Amina, nikuambie nini? Nimwambie Mungu kwamba nimemdanganya sasa hivi?"

Maharagwe yalinimwagika mapajani. Miaka yote niliyofundisha, sijawahi kukosea kitu kikubwa namna ile, tena kwa nia njema na macho yamefungwa!

Akaniambia yote. Mzee akilowesha kitanda, alitolewa alfajiri na mhudumu mkuu hadi kwenye bomba la nje, akavuliwa nguo, akamwagiwa maji kwa mpira, kisha akaachwa amesimama hapo mpaka "ajifunze". Maji ya Timau alfajiri hayana mchezo, yanauma hadi kwenye mfupa. Ndiyo sababu aliacha kunywa. Kuanzia saa sita mchana hakutia hata tone kinywani, ili kitanda kiwe kikavu asubuhi.

"Hata mimi," akasema wa pili.

"Mimi mara tatu," akasema wa tatu. "Yule mzee asiyeongea wa bweni la wanaume, naye pia."

Nilikuwa na hasira. Lakini nikisema ukweli, nilikuwa na furaha pia, furaha kali ya mtu aliyehangaika na kufuli halafu ghafla likafunguka. Sasa nilijua! Nilitaka kuruka. Niliwauliza kama wangekubali kuyasema mbele ya kamati. Waliinamia maharagwe, wakaendelea kuchambua.

"Mimi nitasema," shosho alijibu hatimaye. "Ila niseme kwanza. Mtu yeyote asiombe kabla sijamaliza."

Nilimpigia simu mwenyekiti hapo hapo, nikiwa bado na vumbi la maharagwe mikononi. Nilimwambia mhudumu yule aondolewe kazini siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, si wewe mwenyewe uliandika hakuna malalamiko?" alisema. "Hebu tulia. Tungoje Jumamosi, kamati iamue."

Kutulia! Nilirudi nyumbani, nikatia nguo mbili na tochi kwenye kikoba, nikamwambia mume wangu anakula kwa jirani hadi Jumamosi, nikahamia bweni la wanawake. Mhudumu mkuu aliniuliza nimefuata nini, nikamjibu kwamba nimekuja kusaidia kazi. Siku zile, kila alfajiri, mimi ndiye niliyebadilisha mashuka, na hakuna mzee aliyetolewa nje. Lakini ilipofika saa kumi, shosho aliendelea kufunika kikombe chake. Mimi nilikuwa mgeni tu, na wageni huondoka. Nilimtazama anavyolamba ile midomo yake mikavu, nikawaza maneno ya daktari, nikaona Jumamosi haifiki.

Ilifika. Ukumbi ulijaa: wanakamati, wazee wa kanisa, mchungaji, mhudumu mkuu akiwa amevaa suti ya bluu iliyopigwa pasi vizuri. Mwenyekiti alisimama.

"Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!"

"Sasa, kabla ya yote, tumwite mhudumu wetu mkuu atufungulie kwa maombi."

Viti vilikwaruza sakafu. Kofia zikavuliwa, vichwa vikainama, macho yakafungwa. Mhudumu akavuta pumzi.

"Ngojeni!" nikapiga kelele.

Nilipiga kelele kweli, kama nilivyokuwa nikiwapigia watoto walio upande wa pili wa uwanja. Macho yakafunguka yote kwa pamoja.

"Leo tusifungue kwa maombi," nikasema. Na, jamani, nilijisikia mwepesi kama msichana!

"Mwalimu, ni presha imepanda?" mtu mmoja akauliza nyuma.

"Hii mkutano haiwezi kuanza bila maombi," akasema mwenyekiti. "Haijawahi fanyika hapa."

"Ndiyo maana hatujawahi kusikia kitu," nikamjibu. Nikawaeleza kosa langu: jinsi nilivyomtumia mhudumu kuwaombea watu waliotaka kumtaja, jinsi nilivyowafunga midomo kwa Amina kisha nikajisifu kwa rula. Nilisema kuna shosho nje ya mlango, na akisikia maombi ataanza safari ya kurudi kitandani.

Nilimtazama mchungaji, nikijua kwamba akinigeuka, nimekwisha. Alifuta miwani yake taratibu mpaka nikatamani kumpokonya.

"Mungu hawezi kukasirika akingoja nusu saa," akasema. "Aingie."

Shosho aliingia na fimbo yake, akakataa kiti. Alieleza kwa Kimbeere, polepole, habari za bomba, za mpira, za kusimama bila nguo mbele ya watu wa umri wa wajukuu wake. Mhudumu mkuu aliinuka katikati ya maneno.

"Shosho," alisema kwa ile sauti yake tamu, "si mimi na wewe tumeomba pamoja?"

"Tumeomba," shosho akamjibu. "Na maji yalikuwa baridi."

Mama mmoja wa kamati akaanza kulia. Wale wanne wa maharagwe wakaingia bila kuitwa, kila mmoja akasema lake. Mhudumu naye akapasuka: mashuka hayakauki huku juu, vitanda ni vingi, aliomba msaidizi mara ngapi na nani alimsikia? Hilo lilinichoma, kwa sababu aliomba kweli, nasi tulimwambia tutaona. Lakini msaidizi kukosekana hakumvui mzee nguo kwenye baridi, na nikamwambia hivyo mbele ya wote. Alitolewa kazini siku ile, na mchungaji na mimi tukaenda kituo cha polisi pamoja, mimi nikiongea njia nzima na yeye akiitikia kwa kichwa.

Tuliajiri wahudumu wawili wapya. Siku hizi anayewatunza wazee haingii kabisa chumbani nikiwauliza, na maombi huja mwisho, baada ya kila mtu kutoa ya moyoni. Kuna watu kanisani ambao hadi leo hunisalimia kwa mbali. Sawa tu, mimi huwapungia mikono yote miwili.

Shosho hakuamini upesi. Wiki ya kwanza alifunika kikombe. Wiki ya pili alikubali nusu, akainywa huku akiwachunguza wale wahudumu wapya. Mimi niliendelea kufika asubuhi na mapema, nikijifanya nimeleta maziwa.

Basi asubuhi moja niko koridoni, nikasikia sauti kutoka bweni la wanawake. Haikuwa ya kunong'ona. Ilikuwa ya mtu anayefukuza mbuzi shambani.

"Nyinyi! Mko wapi? Kitanda chote kimelowa! Njooni!"

Niliweka maziwa chini nikakimbia, na umri wangu huu, nikicheka na kulia kwa pamoja. Nilimkuta ameketi katikati ya kitanda kilicholowa, kilemba kimekaa upande, ananitazama kwa hasira.

"Mwalimu, utalia baadaye," akasema. "Lete shuka."