Kiingereza cha Kupeana Mgongo

Mkwe wangu nilimfundisha Kiingereza nikiwa nimempa mgongo. Yeye alikaa barazani, karibu na mlango. Mimi nilikaa sebuleni nikitazama ukuta. Katikati yetu, kwenye kizingiti, alikaa binti yangu na mtoto wake mapajani.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze kidogo. Kwa desturi tuliyoachiwa na wazazi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono, na hawakosoani. Si chuki. Ni heshima, na pengine ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Kuna namna ya kuifungua: wazee wa pande mbili wanaketi, chakula kinapikwa, mkwe anaingizwa rasmi ndani ya nyumba, na kuanzia siku hiyo mnazungumza kama watu wengine. Lakini wazee wa mkwe wangu wako Chile, ng'ambo ya bahari, na hawajawahi kufika mjini kwetu Likasi. Kwa hiyo mlango wetu ulibaki umefungwa, miaka mitatu baada ya ndoa.

Alikuja huku kama fundi wa pampu katika kiwanda kimoja cha shaba nje ya mji. Kwao nako wanachimba shaba, kwa hiyo vumbi letu halikumshangaza. Alikuwa na Kihispania chake, Kifaransa alichokiokota kazini, na Kiswahili cha sokoni ambacho binti yangu alikinyoosha kidogo kidogo. Vilimtosha. Kisha wakubwa wapya wa kiwanda wakatangaza kwamba amri zote za usalama zitatolewa kwa Kiingereza, na kila fundi mgeni atahojiwa kwa mdomo kabla ya mkataba wake kuongezwa. Atakayeshindwa atarudishwa kwao mkataba ukiisha.

Binti yangu alikuja kunieleza habari hiyo nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, weye ulifundisha Kiingereza miaka yote ile. Ulifundisha batoto ya bantu. Utashindwa mukwe yako?"

"Mukwe haiko mutoto ya masomo."

"Basi fundisha miye. Yeye atakuwa anasikia tu."

Akili hiyo ilinifurahisha. Niliwahi kufundisha madarasa ya watoto sitini pale mtaa wa Panda, wengine wakiwa hawana hata daftari, na wakajua. Mtu mmoja mzima, mwenye bidii, mwenye kalamu tatu mfukoni? Niliona ni kazi ya miezi minne.

Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mzee wetu tangu wazazi watuache, alikuja siku ya kwanza kuhakikisha hatuharibu kitu. Alikivuta kiti changu mwenyewe mpaka magoti yangu yakagusa ukuta.

"Hapa," akasema. "Na ukisikia amekosea, meza mate."

"Na mate ikijaa?"

"Utatema kesho."

Tulisoma kila Jumamosi asubuhi na kila Jumatano alipotoka kazini mapema. Niwaambie ukweli, alikuwa mwanafunzi wa kupendeza. Daftari lake lilikuwa na safu tatu, Kihispania, Kifaransa na Kiingereza, na binti yangu alikuwa akinipitishia nilione. Majina ya vitu aliyashika upesi: bomba, kofia ya chuma, ngazi, moshi, mkono. Taabu ilikuwa pale maneno yalipoanza kushikana.

Taabu hiyo ninaijua, kwa sababu ndiyo ya watoto wetu pia. Ukisema "anakuja" kwa Kiswahili, yule anayekuja yumo ndani ya neno lenyewe. Kihispania nacho kinamficha humo humo. Kiingereza kinataka mtu huyo atoke, asimame mbele ya kitendo chake, na kinamtaka hata pale ambapo hakuna mtu. Mvua ikinyesha, Kiingereza kinaitafutia mwenyewe. Mkwe wangu hakumtafuta. Alisema tu kwamba inanyesha, inavuja, imeharibika, na msikilizaji ajue mwenyewe ni nini. Tena Kihispania, Kifaransa na Kiswahili vyote vitatu vinasema mtu ana miaka kadhaa. Ni Kiingereza peke yake kinachosema mtu ndiye miaka hiyo. Na neno la Kiingereza linaloanza na s iliyobanana na herufi nyingine alishindwa kuliingia moja kwa moja. Alitanguliza e, kama mtu anayekohoa kidogo kabla ya kuingia katika nyumba ya watu. Hata neno la kusimamisha mashine, ambalo kiwandani linaweza kuuokoa mkono wa mtu, lilitoka na kikohozi chake.

Sikuwahi kumcheka mtoto kwa makosa ya namna hiyo. Ni makosa ya mtu mwenye akili: amekosa chombo, ametumia alicho nacho nyumbani. Kinachohitajika ni kumwonyesha, mara nyingi, bila hasira. Ila huyu sikuruhusiwa kumwonyesha.

Basi nikafanya tunavyofanya kwetu. Alipokosea, niliirudia sentensi yake ikiwa imenyooka, nikiuambia ukuta, kana kwamba naongea na binti yangu. Hivyo ndivyo mama zetu walivyotukosoa. Mama hakusema umekosea. Alikirudia kitu jinsi kinavyopaswa kusemwa, akaendelea kukoroga bukari yake, ugali wa kwetu, na wewe ulisikia aibu yako mpaka masikioni. Mtoto yeyote wa Panda ukilirudia neno lake, anainamisha kichwa na kusema upya. Nilidhani dunia nzima husahihishwa hivyo.

Mkwe wangu hakusema upya. Nilisikia nyuma yangu sauti ya furaha, "Sí, mama," kisha anaendelea na sentensi nyingine, na kosa lile lile limepanda juu yake.

Nikapunguza mwendo. Nikarudia mara mbili. Nikarudia mara tatu, nikikaza pale palipokosekana neno. Naye akaitikia kwa kuisema yake mara tatu, kwa nguvu zaidi, akicheka. Dada yangu, ambaye alikuwa akipita kutusikiliza, aliweka kikapu chake chini.

"Munaimba ao munasoma?"

"Tunasoma, dada."

"Mbona wimbo iko mbili?"

Mwezi wa tatu mambo yakanichanganya kabisa. Kadiri siku zilivyokwenda alizidi kuwa na uhakika. Alisema haraka, alisema mengi, hakusita tena kama mwanzoni. Nilikaa na ukuta wangu nikiyasikia makosa yale yale yakipita mbio. Niliwaza labda ni masikio yake. Niliwaza labda ni uzee wangu, labda nimesahau kufundisha. Usiku sikulala vizuri, na mchana nilijiandikia karatasi za mazoezi ambazo aliporudisha zilikuwa sahihi kabisa, maana karatasini alikuwa anafuata mfano. Mdomoni alifuata kichwa chake.

Jawabu nililipata Jumapili moja baada ya Misa, tukiwa tunaosha vyombo, mimi na binti yangu.

"Anafurahi sana," akasema. "Anasema mama anarudilia kila kitu anasema, maana yake iko bien. Kwabo, mwalimu akirudilia maneno yako, amekubali."

Nilibaki na sahani mkononi. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya mahojiano.

Nilifikiri nitamwambia mwenyewe. Nilikwenda kwanza kwa dada yangu, kwa sababu jambo kama hilo huliamui peke yako, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya.

"Umukosoe mukwe kama mutoto wa skuli, mbele ya muke yake?" akauliza. "Wazee yake bakikuja siku moja, tutabaambia nini? Kwamba tulimufungua sisi benyewe, kama chupa?"

"Atafukuzwa kazi, dada."

"Tuma binti yako. Yeye ndiye mulango."

Nikamtuma. Nilimweleza kila kosa, nikamwandikia, nikamwambia amwambie mume wake wazi: mama alikuwa anakusahihisha, tangu mwanzo. Alikunja karatasi akaiweka katika kanga. Jumatano iliyofuata nilikaa kwenye kiti changu, nikasubiri kusikia tofauti. Tofauti ilikuwa kwamba mkwe wangu alizidi kuongea.

"Ulimwambia?" nikamuuliza binti yangu jioni.

Alimfunga mtoto mgongoni kwanza. "Nilimwambia mama anasema uongeze nguvu."

"Si hivyo nilivyokutuma."

"Haiko analala, mama. Anaamka anatembea ndani ya nyumba. Kile kitu kimoja kinamupa moyo ni weye kurudilia. Ningemuondolea?"

Mimi mwenyewe sikuweza kumwondolea, pamoja na miaka yangu yote ya ualimu. Nikamwambia sawa, tuombe. Tuliomba.

Siku ya mahojiano alirudi akipiga mluzi. Binti yangu alinisimulia kupitia dirisha la jikoni: walimuuliza maswali kumi, akajibu yote kumi, hakunyamaza hata mara moja. Mmoja wa waliomhoji aliandika muda wote. Mkwe wangu aliona hiyo ni dalili nzuri.

Barua ilitoka Jumanne, wiki mbili baadaye. Binti yangu alikuwa ameondoka asubuhi kwenda zahanati kumpima mtoto uzito. Nilikuwa peke yangu, naanika samaki wa ziwa la Tshangalele juu ya chekecheke, niliposikia viatu vya kazi barazani, saa nne, ambayo si saa yake. Nikaingia ndani haraka nikaketi mahali pangu, nikatazama ukuta.

"Mama," akasema kutoka nje.

"Niko."

"Iko karatasi. Nusu nasikia, nusu hapana."

Alisubiri. Alikuwa anasubiri mtu wa kumpokelea karatasi, na mtu huyo hakuwapo. Mwishowe alilisukuma pazia kidogo, akanyoosha mkono, na mimi nikaipokea kwa mkono wa nyuma, bila kugeuka.

Ilikuwa na aya tatu. Niliisoma mara moja, nikairudia, jinsi nilivyowafundisha watoto kufanya. Ningeweza kumwambia amsubiri mke wake. Lakini angemsubiri akitembea huku na huko kwenye lupango, ua wa nyumba yetu, mpaka saa saba, akiwa na nusu yake ya matumaini, na mimi nikiwa ndani na nusu nyingine.

"Iko muzuri?" akauliza.

Habari kama ile huwezi kuuambia ukuta. Niligeuza kiti.

Sikuwahi kumwona uso kwa karibu namna ile. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyodhani, na kwenye kidevu alikuwa na kovu dogo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake. Aliinamisha macho mara moja, kwa heshima, kama alivyofundishwa. Kisha akayainua, kwa sababu mimi sikuinamisha yangu.

"Kaa," nikamwambia. Akakaa kwenye kizingiti. Nikamwekea kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hapa banasema asante kwa kazi yako. Banasema uko fundi muzuri."

"Bon."

"Hapa banasema Kiingereza yako haitoshi. Banasema ni juu ya usalama."

"Haitoshi."

"Haitoshi."

Aliitazama karatasi. "Mais mama, weye ulirudilia yote."

"Nilikuwa nakukosoa."

"Siku gani?"

"Kila siku."

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya mama zetu na bukari, kwa nini sikuweza kusema wazi, nilimtuma nani na nilimtuma lini, ila sikusema binti yangu aliufikishaje ujumbe. Nilichukua daftari lake nikamwonyesha yule mtu anayepaswa kusimama mbele ya kitendo, na safari hii alielewa mara moja. Alijaribu sentensi tatu, na zote tatu zilikuwa sahihi. Nilikuwa naeleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza katika maisha yangu, na hakukuwa na mtihani wowote mbele yetu.

"Na hii ya mwisho?" akauliza, akiwa ameweka kidole kwenye aya ya tatu.

"Tiketi. Mwisho wa mwezi."

"Ya bantu ngapi?"

Nilisoma tena, nikitumaini nimeruka neno. "Moja."

Aliondoa kidole karatasini. Kumtia mtu moyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote; safari hii niliikunja barua tu, nikamrudishia. Tulikaa hivyo, yeye kizingitini na mimi juu ya kiti, tukitazamana, mpaka lango la lupango likalia.

Binti yangu aliingia na mtoto mgongoni na kadi ya zahanati mkononi. Alifika katikati ya uwanja, akatuona, akasimama. Alinitazama mimi, akamtazama mume wake, akatazama kiti kilichogeuzwa.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Leta mutoto. Ukae kwanza."