Friji la Mtaa Mzima

Friji ni langu, lakini ukiuliza mtaani kwetu Tabata utaambiwa ni la mama. Yeye ndiye anayekaa nalo kutwa mie nikiwa kazini, na mama, mtu wa Njombe aliyekulia kwenye baridi isiyohitaji umeme, hajui kumwambia mtu hapana. Basi friza ikawa ya umma. Samaki wa jirani wa kulia, barafu za muuza juisi wa nyuma, sambusa mbichi za mke wa mwenye duka ambazo alikuwa anakuja kuzichukua kila asubuhi akazikaange. Ukitaka kutoa nyama yako mwenyewe, sharti kwanza umwombe radhi pweza wa watu.

Ningevumilia, ila jioni moja nilirudi nikakuta maji yametapakaa sakafuni na maziwa yamechacha. Nikashika chupa ya insulini ya mama. Vuguvugu. Moyo ulinilipuka, kwa sababu mama ana sukari, anachoma sindano asubuhi na jioni, na dawa ile ikishapigwa na joto la Dar huna tena uhakika nayo. Nikaitupa, nikakimbilia duka la dawa kununua nyingine, na usiku ule ikalala ndani ya chupa ya chai yenye maji ya baridi.

Kesho yake nikamwita mdogo wangu wa kiume anayekaa Kipawa. Huyu ana bisibisi moja na ujasiri wa mafundi kumi. Hata viatu hajavua, akasema, "Gesi imeisha, sista." Dar hii friji lolote likiumwa, gesi imeisha. Hiyo gesi yenyewe hakuigusa. Akalisogeza friji kutoka ukutani, akalivua kitambaa cha kufuma ambacho mama alilivika mpaka mgongoni, akafuta vumbi la nyuma, akatangaza kwamba lilikuwa halipumui. Sawa, fundi. Tukangoja, halikupoa.

Ndipo akabana kipande cha gazeti mlangoni kupima raba. Mlango wa chini ukakishika barabara, lakini kwenye wa juu, wa friza, kikachomoka chenyewe. Akaikagua raba, nzima kabisa. Mlango ulikuwa unazuiwa na mkia wa samaki wa watu, na kwa kuwa ulikuwa wazi muda wote, barafu ilikuwa imeganda na kuziba pale baridi inapopita kwenda chini.

"Sista, hili halina ugonjwa," akasema. "Lina wageni."

Nikamgeukia mama. Akanijibu kwa upole wake ule unaoniudhi, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikamwambia mama, hapa mwenyeji anaumwa, friji linaumwa, wageni tu ndio wazima! Nikachomoa kila kitu, nikapanga kwenye mabeseni, nikaanza kuzunguka mlango kwa mlango. "Samahani jirani, fundi kakataza." Fundi mwenyewe alikuwa sebuleni kwangu anashindilia ubwabwa. Mke wa mwenye duka alipokea beseni lake kwa mikono miwili, akasema ahsante, basi.

Tukaiyeyusha barafu, mlango ukafunga, na kesho yake maji yalikuwa yanauma meno. Weee! Nilijiona mhandisi. Ofisini nikawa nawasimulia watu habari za hewa ya friji mpaka wakaanza kunikwepa.

Jumamosi nilichelewa kuamka, nikamkuta mama dirishani. Kashika bomba la sindano, analiinua kwenye mwanga, anakunja uso, analishusha. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Mama, bado hujachoma?"

"Nangoja jua lipande, nivione vile vimistari."

"Kwani siku zote unavionaje?"

Akaliweka bomba dirishani, akaanza kunyoosha pazia lisilo na mkunjo. Mama akikukwepa macho namna ile, vuta kiti ukae. Nikakaa, na maneno yakatoka kidogo kidogo. Macho yake hayavioni vimistari siku nyingi. Jioni nampimia mie, nikidhani ni giza tu linalomsumbua, na asubuhi, mie nikiwa nimeshaondoka, aliyekuwa anampimia ni mke wa mwenye duka, akija kuchukua sambusa zake. Tangu nimpelekee lile beseni hajakanyaga kwetu. Na mama, kwa kuogopa kukosea kipimo, asubuhi zote zile hakuchoma.

"Jamani mama, si ungemwita?"

"Nimwite nimwambie nini? Tumemrudishia sambusa zake, halafu tumwite atuchome sindano?"

Niliogopa. Dawa ilikuwa imepoa safi kabisa, na mwenye dawa alikuwa anakauka pembeni yake. Nikampima sukari, ilikuwa juu. Nikampimia dawa, nikamchoma, nikampa uji, nikajifunga kanga nikatoka.

Mke wa mwenye duka nilimkuta uani kwake anakunja sambusa. Nikaanza na hotuba niliyoipanga njiani: friji limepona, nafasi ipo, alete vitu vyake tu, tutavipanga vizuri. Akaitikia "alhamdulillahi" bila kuinua macho. Hotuba ikanifia mdomoni.

"Shoga, mama alikuwa hachomi sindano za asubuhi."

Mikono ikamsimama juu ya unga. "Tangu lini?"

"Tangu uache kuja. Nilidhani umenuna kwa ajili ya sambusa."

"Sambusa?" Akainuka, akanawa mikono, akavuta mtandio wake kwenye kamba. "Sambusa ningezikaanga usiku usiku zikaisha. Uliponiletea beseni mpaka mlangoni, mie nilijua hamnitaki tena nyumbani kwenu."

Akanipita, akaenda kwa mama. Mie nilibaki pale uani kwake, nalia.