Makro Iliyojifunza Kumsubiri Mama Kamau

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha chakula cha kuku, Eneo la Viwanda Thika, nilifika na tai niliyonunua Doha. Nilikuwa nimerudi baada ya miaka sita ya kazi ya bohari, na ndani ya bahasha nilikuwa na diploma ya kompyuta niliyojilipia na kuisomea mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenipigia mtu simu. Vijana mnaosoma haya, shikeni hilo kwanza.

Meneja wa Uzalishaji aliitazama tai yangu. "Hiyo utaivua," akasema. "Vumbi la mahindi halijui mtu wa majuu." Akanipa miezi mitatu ya majaribio.

Wakati huo karani alinakili kwa kalamu fomula ya kila siku, yaani vipimo vya mahindi, soya, chokaa na vinginevyo. Mimi nikaunda makro: mfululizo wa amri ambazo lahajedwali hutekeleza lenyewe ukibonyeza kitufe kimoja. Hatua ya kwanza iliiomba kompyuta ya stoo fomula ya siku. Ya pili iliisoma. Ya tatu ilichapa karatasi ya kumpelekea mwendeshaji wa mashine ya kuchanganya. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika moja. Pale kiwandani hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yangu, na sikuwaficha.

Kati ya hatua ya kwanza na ya pili niliweka amri ya Wait, ambayo husimamisha makro kwa muda unaoutaja. Nilitaja sekunde tano. Doha, sekunde tano zilikuwa nyingi.

Mwendeshaji wa mashine alikuwa Mama Kamau wa Kiandutu, aliyekuwa akichanganya chakula kabla kiwanda hakijawa na kompyuta hata moja. Asubuhi moja, mwezi wangu wa tatu, mashine ilinyamaza ghafla. Nilimkuta ameshika karatasi yangu kwa mkono mmoja, na mwingine umejaa unga.

"Ndirangu, kuja uone. Hii ni ya vifaranga?"

"Ndivyo karatasi inavyosema, mama."

"Juu inasema vifaranga. Chini imeweka chokaa ya kuku wa mayai. Kifaranga akikula hii, figo zinaisha. Ama huko Doha vifaranga hutaga?"

Wapakiaji walicheka hadi wakaketi juu ya magunia. Mimi nilijua mara moja kilichotokea. Kompyuta ya stoo ilichelewa, sekunde tano zikaisha, na makro ikachapa kichwa cha leo juu ya fomula ya jana, ya kuku wa mayai, iliyokuwa bado pale.

Meneja alikuja, akaisoma karatasi mara mbili. "Kesho asubuhi nitasimama hapa. Nisipoweza kuiamini hii kitu, tutarudia kalamu, na wewe utaenda nyumbani."

"Nitaweka sekunde thelathini," nikasema.

"Na stoo ikichukua arobaini?" Mama Kamau akauliza. "Wewe, githeri unaitoa motoni kwa kutazama saa? Si unabonyeza maharagwe?"

Chakula cha mchana nilikula mbele ya kompyuta. Kisha nikaandika upya. Faili ya stoo sasa ilimalizikia kwa mstari wenye tarehe ya siku na neno TAYARI. Wait niliiondoa, nikatumia OnTime, amri inayopanga hatua ijiite tena baadaye huku kompyuta ikiendelea na kazi nyingine. Kila baada ya sekunde mbili hatua hiyo iliamka na kuutafuta ule mstari. Usipokuwepo, ililala tena. Dakika tatu zikipita bila mstari, haikuchapa chochote. Ilitoa onyo jekundu. Hatua hiyo niliipa jina SubiriMamaKamau.

Kesho yake, kama kwa makusudi, stoo ilikuwa nzito kuliko jana. Meneja alitazama saa yake. Sekunde tano zikapita. Thelathini zikapita.

"Imekufa?"

"Inabonyeza maharagwe, bosi."

Printa ikaanza kunguruma. Mama Kamau alisoma karatasi, akapima, akachanganya, akasugua unga kiganjani. "Hii ni ya watoto," akasema. Siku hiyo hiyo Meneja alitia sahihi barua yangu ya ajira ya kudumu.

Kutoka hapo nilipanda hadi Mkuu wa Mipango wa tawi la Ruiru, na nilistaafu nikiwa na cheo hicho. Kwenye sherehe ya kuniaga nilimwambia Mama Kamau, aliyekuwa amestaafu kabla yangu, kwa mara ya kwanza, jina nililoipa ile hatua.

"Kumbe hata nikiwa likizo mlikuwa mnanifanyisha kazi?"

"Kila asubuhi, mama."

"Na hiyo tai bado hujaivua."

Siku hizi nafuga vifaranga hapa Gitothua, nikiwalisha chakula cha kiwanda kile kile. Fomula yake bado hupitia kwenye makro niliyoiandika mimi, tena niliiandika vizuri. Hata hivyo gunia jipya likifika, naingiza mkono, nasugua unga kiganjani, kisha ndipo nawafungulia vifaranga wale.