Seva ya Kishanda Haikujibu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Tehama aliniuliza swali moja tu: "Binti, pikipiki unaiweza?" Nikajibu ninaiweza. Uongo mtupu! Nilijifunza jioni ile ile kule Kibeta, hapa hapa Bukoba, nikaanguka mara mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo pikipiki. Shirika letu lilikuwa na zahanati Ijumbi, Kishanda na kwingineko Muleba, na kila moja ilikuwa na seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu za wagonjwa. Kuikagua lazima ufike: uangalie diski imejaa kiasi gani, kama nakala za akiba zipo, kama feni inazunguka. Unarudi Bukoba mgongo hauna hamu.

Ndipo ikaja programu ya kusimamia seva zote kwa mbali. Unaandika agizo moja ukiwa mezani Bukoba, kila seva inalipokea, inajikagua na kurudisha majibu. Tulifurahi, acha tu! Lakini Mkuu mpya, aliyempokea yule wa kwanza, hakupenda ripoti ndefu. "Niletee wagonjwa," alisema, "wazima waache." Nikaipanga programu ionyeshe seva zenye hitilafu tu. Isiyotajwa, nikaihesabu nzima.

Siku moja Mama Koku, karani wa Kishanda, akapiga simu. "Waitu," akaanza kwa heshima ya Kihaya, "mashine inagoma kuhifadhi." Nikatazama kioo cha kompyuta, Kishanda haikutajwa. Nikamjibu kwa kiburi cha mtu wa mjini, "Mama, iko nzima. Labda unabonyeza vibaya."

Baada ya wiki mbili, kumbukumbu za kliniki ya watoto hazikuonekana. Mkuu akaniita. Mezani palikuwa na barua ya kumfukuza Mama Koku, mjane anayesomesha watoto watatu kwa kazi ile. "Ripoti zako zinasema seva ilikuwa nzima," akasema. "Kosa ni lake. Weka saini kuthibitisha."

Niliomba saa moja, nikaitisha orodha ya seva zote, zilizojibu na zisizojibu. Kishanda ilikuwa haijajibu tangu kabla ya simu ya Mama Koku. Diski ilijaa, programu ndogo inayopokea maagizo ikafa, nami kimya kile nikakiita afya. Na sisi Wahaya, jirani asipoitikia salamu ya asubuhi tunamfuata hadi mlangoni! Niliona aibu.

"Sisaini, Mzee. Kosa ni langu."

"Unajua maana yake?"

"Najua."

Barua ikaandikwa upya, kwa jina langu: onyo kali, na cheo nikavuliwa. Nikaenda Kishanda kuomba radhi. Mama Koku akaniwekea mbele madaftari matatu. "Uliponijibu vile niliogopa," akasema, "nikawa naandika kila mtoto kwa mkono." Nililia pale pale. Kisha akasoma, nikaingiza, mpaka mtoto wa mwisho.

Sasa nimestaafu. Vijana, ukaguzi wa mbali ni mzuri, ila anzeni kwa kuuliza nani hajajibu. Na karani akisema mashine imegoma, mwaminini kwanza.

Siku ya kuniaga walisoma sifa zangu zote, barua ile wakairuka. Nikaitoa mkobani nikaisoma mwenyewe, neno kwa neno. Mama Koku alikuwa ameketi mstari wa mbele, bado karani wa Kishanda.