Asubuhi Niliyojichoma Mwenyewe

Kwa miaka miwili mke wangu ndiye aliyenichoma insulini, asubuhi na jioni. Nilimwambia mikono yangu inatetemeka. Haikuwa kweli, niliogopa sindano. Kwa uongo huo, dada yake alipolazwa hospitali Goma, ng'ambo ya mpaka, mke wangu alivuka kila siku na kurudi mbio jioni ili nisikose dawa. Siku moja alirudi, akaketi mlangoni bila kuvua viatu, akalia kwa uchovu.

Kesho yake nilikwenda kituo cha afya, nikamwambia muuguzi ukweli. Akacheka.

"Mzee, mikono yako ililima mashamba ya Kanama miaka yote, leo unaogopa kasindano kama haka?"

Akanionyesha jinsi ya kukunja ngozi ya tumbo, kuingiza sindano, kuhesabu hadi kumi.

Asubuhi iliyofuata nilijichoma mbele ya mke wangu. Aliitazama mikono yangu iliyotulia, akaelewa yote.

"Kumbe uko muongo hivi, mzee?"

"Nisamehe, mama watoto."

Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda kukaa na dada yake siku nne. Kila asubuhi alinipigia simu kuuliza kama nimejichoma. Nilishukuru kwamba bado aliuliza.