Ratiba ya Veneranda na Ulanzi wa Yotamu

Usiku ule Veneranda hakulala. Aliikumbatia simu kama mtoto mchanga, akisubiri mshenga, Silvester, apige kutoka Mbeya aseme kama wazee wa upande wa mwanamume watakuja kumposa bintiye, Happy. Posa ya mwaka jana aliipokelea uani chini ya turubai, hapo hapo kwake Ipogolo. Mvua ikashuka, wageni wakaondoka wametota, wasirudi tena. Safari hii wangekaa sebuleni. Shida ni kwamba sebule haikuwa na sakafu, wala mlango, wala rangi.

Simu iliita alfajiri.

"Mama Happy, wanakuja Jumamosi."

"Jumamosi hii hii?"

"Kwani wewe unazo ngapi?"

Alikuwa na fundi mmoja, Yotamu, na toroli la kuazima. Tena ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na msimu huo Yotamu asubuhi ni fundi, mchana ni kwaya ya mtu mmoja.

Veneranda alikuwa amepikia misiba na harusi nyingi kwa mafiga machache, na kanuni yake ilikuwa moja: kinachojiivia chenyewe kitangulie. Maharage yakitokota, wewe chambua mchele. Basi sakafu ilianza, ikauke yenyewe huku Yotamu akitengeneza mlango nje. Kanuni ya pili aliitunga papo hapo: kazi ya kunyoosha ifanyike kabla ya ulanzi, ya kubeba mchanga baada.

"Na rangi je?" Yotamu aliuliza.

"Rangi hata mlevi anapaka."

"Ahsante kwa heshima, mama."

Mambo yalikwenda, hata akaanza kujiogopa. Sakafu ilikauka. Ijumaa asubuhi mlango ulisimama wima kama padri. Mchana Yotamu akarudi kutoka kilabuni akiimba litania, akapaka mlango na fremu rangi ya kijani nzito, akaufunga vizuri kuku wasiingie, akaenda zake.

Jumamosi wageni wakafika. Veneranda akazunguka mlango wa nyuma, akaingia sebuleni awafungulie. Akavuta. Rangi ilikuwa imeukamata mlango na fremu yake kama ndoa ya kanisani.

"Hodi!" Silvester aliita.

Veneranda akavuta tena, kimya, meno yameuma khanga.

Nje, mshenga akawanong'oneza wazee, "Mila yao hiyo. Mlango haufunguliwi bure."

"Waambie kwenye mahari tunaongeza blanketi la bibi," alisema mzee Amos, baba wa kijana.

Ndani mtu anahema tu.

"Haya, na mbuzi wa pili!"

"Mama, sema kitu," Happy alinong'ona nyuma yake.

"Nyamaza. Wanaendelea vizuri."

Lakini mzee Amos akashusha pumzi. "Basi hawatutaki. Twendeni, mvua hiyo inakuja."

Veneranda akasikia viatu vikigeuka kwenye changarawe, vile vile kama mwaka jana. Aibu akaitupa.

"Wazee, msiondoke! Sukumeni! Umeganda na rangi!"

Viatu vikasimama. Mtu akacheka. Kisha bega zito likagonga ubao, mara ya kwanza, mara ya pili, rangi ikachanika kama kitambaa, na mlango ukafunguka kwa kishindo, mzee Amos akatangulia ndani na bega la kijani, miguu yake juu ya sakafu kavu.